Mnapumua Mno

"Shida si nyumba," alisema Bwana Hargest,
amesimama mlangoni, hataki kuvua viatu.
"Mko saba. Mnapika, mnaanika ndani,
halafu mnapumua mno."

Hiyo ilikuwa Juni,
na Juni ya Dunedin ni bahili wa mwanga.
Jua la huku hupita kaskazini,
huwaanikia nguo wa ng'ambo ya bonde;
kwetu huchungulia saa saba mchana,
saa nane limeshaaga.

Nimeujua ukungu wa aina mbili.
Wa nje hutambaa kutoka kijitoni usiku,
hulala juu ya mapaa,
asubuhi huondoka bila kumdai mtu.
Wa ndani hauna kwao.
Ulianza nyuma ya kabati, doa moja kama la wino;
nikamgombeza Tavita kwa kuchezea kalamu.
Nilimwonea.
Wiki ya pili doa lilikuwa na wenzake,
wiki ya tano ramani nzima,
visiwa vyeusi vinapanda kuelekea dari,
visiwa ambavyo hakuna babu yetu aliyevipitia.

Siki. Magadi. Klorini ya kutoa machozi.
Jumamosi nasugua mpaka ukuta unang'aa kama sahani.
Jumatano umerudi, tena umenenepa.

Lagi ana miaka sita.
Jina lake, kwa Kisamoa, ni mbingu,
na mbingu hiyo ina filimbi kifuani
ambayo hakuna aliyemfundisha kuipuliza.
Saa tisa za usiku naisikia kupitia ukutani.
Nainua fulana: ngozi kati ya mbavu inazama,
inazama kama karatasi iliyofyonzwa na mdomo wa chupa.
Kichupa cha buluu. Bonyeza mara moja, vuta mara sita.
Tunahesabu kwa vidole vyake, kisha kwa vyangu.

Hospitalini kila mtu alisikiliza mapafu.
Nesi Morag peke yake ndiye aliyeuliza,
"Ukuta wa kitandani kwake una rangi gani?"
Akanieleza, huku akifunga mkanda wa kipimo,
kwamba ukungu nao huzaa, hutupa mbegu,
mbegu nyepesi kuliko vumbi la unga.
Hazingoji upepo. Mtoto akiruka kitandani, zinaruka naye.
Akicheka, zinaingia.
Si kila kifua zinakisumbua, alisema.
Hiki zinakiamsha.

Agosti nikamkuta Lagi
ameuzamisha uso kwenye mto,
mashavu yamejaa, macho kayafumba.
Nikamgeuza kwa nguvu.
"Niache, Mama. Napumua kidogo kidogo.
Leo kioo changu hakijalowa sana."

Sikulia. Kulikuwa na kazi.
Alfajiri nilipita dirisha baada ya dirisha na taulo,
nikaikamua kwenye beseni,
nikayamimina maji kwenye chupa ya jamu
hadi yakafika shingoni,
ya kijivu, yenye nyuzi.
Nikapanda nayo basi, nimeipakata kama mayai.

Karani wa Bwana Hargest alikuwa msichana mpole mwenye mafua.
"Ni nini hiki?"
"Pumzi. Ya watu saba, usiku mmoja.
Amesema tunazidisha.
Naomba anionyeshe ya nani ipunguzwe."

Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga.
Akatafuta lebo, akaandika tarehe,
akaandika nambari ya nyumba,
akasita penye nafasi ya maelezo.

Sijui alijaza nini.
Basi la saa nne lilikuwa linapinda kona,
na mkono wangu, ukitafuta nauli mfukoni,
ukagusa plastiki:
kichupa cha buluu.
Darasa la Lagi lilikuwa na mbio asubuhi hiyo.

Nikakimbia mimi.